Nani aingie, nani atoke: historia ya kuchagua wachezaji kwa namba

Siku moja kabla ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, katika miji na kambi za mashariki mwa Congo kuna vijana wanaobishana juu ya jambo moja: nani aingie, nani atoke. Hawazungumzi juu ya timu ya kartiye. Wanazungumza juu ya mchezo wa fantasi, ule wa kwenye simu, ambamo kila mtu ni kocha, ananunua wachezaji halisi kwa pesa za kubuni, kisha anapata pointi kulingana na kile wachezaji hao walichofanya uwanjani. Mchezo huo ni wa bure. Unahitaji unite kidogo za intaneti na subira nyingi. Na anayeshinda mara nyingi si yule anayejua majina makubwa, bali yule anayejua kusoma namba.

Namba hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zina historia ya zaidi ya miaka 70, ya watu waliofanya kazi ngumu, wengine wakakosea vibaya, wengine wakatajirika. Historia hiyo inafaa kujulikana huku Congo kwa sababu mbili. Ya kwanza, inamsaidia kijana asidanganywe na kelele za mashabiki. Ya pili, inaeleza kwa nini wachezaji wengi hodari hawaonekani na ulimwengu: hawakosi kipaji, wanakosa mtu wa kuandika walichokifanya.

Mhasibu na kreyo yake

Tarehe 18 Machi 1950, timu ya Swindon Town ilikuwa ikicheza na Bristol Rovers huko Uingereza. Kati ya watazamaji alikuwemo Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga. Kipindi cha kwanza kilimkera: Swindon walishambulia na kushambulia, bila kupata kitu. Kipindi cha pili kilipoanza, alitoa daftari na kreyo, akaanza kuandika kila shambulio: limeanzia wapi, limekuwa na pasi ngapi, limeishia wapi. Tangu siku hiyo hakuacha. Katika maisha yake aliandika mechi zaidi ya 2,000 kwa mkono.

Mwaka wa 1951 timu ya Brentford, ambayo ilikuwa ikiogopa kushuka daraja, ilimwomba msaada, ikaokoka. Baadaye alifanya kazi na Wolverhampton Wanderers, iliyokuwa chini ya kocha Stan Cullis. Mwaka wa 1968 yeye na mtaalamu wa takwimu Bernard Benjamin walichapisha makala katika jarida la wanatakwimu wa Uingereza. Ujumbe wake ulishikwa na makocha wengi: mabao karibu 80 kwa kila 100 yanatokana na mashambulio yenye pasi tatu au pungufu. Basi, wakasema, pasi nyingi ni kupoteza muda. Mpira upigwe mbele haraka.

Hesabu ilikuwa sahihi. Maana yake ndiyo iliyopotea. Katika daftari za Reep mwenyewe, mashambulio zaidi ya 90 kwa kila 100 yalikuwa na pasi tatu au pungufu. Yaani mashambulio mafupi yalileta mabao mengi kwa sababu yalikuwa mengi. Yale marefu, ambayo hayakufika 10 kwa kila 100, yalileta mabao 20 kwa kila 100. Ukigawanya, shambulio refu moja lilikuwa na uwezo wa kuzaa bao zaidi ya mara mbili kuliko fupi moja. Timu nyingi za Uingereza zilicheza mipira mirefu kwa miaka mingi kwa kutegemea namba ambayo haikugawanywa.

Kosa hilo halijafa. Kila wiki linarudi katika fantasi. Mtu anaona mshambuliaji mmoja ana mabao 8 na mwingine ana 6, anamnunua mwenye 8 bila kuuliza kila mmoja amecheza dakika ngapi.

Kyiv, timu kama hesabu

Upande mwingine wa Ulaya, katika Muungano wa Kisovieti, kocha Valeriy Lobanovskyi alikuwa amesomea uhandisi. Alipochukua Dynamo Kyiv katika miaka ya 1970, alishirikiana na mwanasayansi Anatoliy Zelentsov. Walihesabu matendo ya kila mchezaji: pasi, mbio, mipira aliyopokonya, mipira aliyopoteza. Baada ya mechi, wachezaji walipimwa kwa karatasi yenye namba, si kwa makofi ya uwanjani. Zelentsov alishikilia kwamba timu inayokosea chini ya matendo 18 kwa kila 100 haifungiki. Dynamo Kyiv ilitwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka wa 1975, ikalitwaa tena mwaka wa 1986.

Tofauti yao na Reep ni hii: Reep alihesabu mashambulio ya timu, Kyiv walihesabu mchezaji mmoja mmoja. Bila hatua hiyo hakungekuwa na fantasi, maana fantasi ni kumnunua mtu mmoja mmoja.

Mchezo unazaliwa mbali na uwanja

Fantasi yenyewe haikutoka katika mpira wa miguu. Mwaka wa 1962, katika hoteli moja ya New York, Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa wa Oakland Raiders, timu ya mpira wa Kimarekani, alikaa na wenzake wakaandika kanuni za ligi ya kubuni. Mwaka wa 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake walifanya vivyo hivyo kwa besiboli. Waliiita ligi yao jina la mgahawa wa Kifaransa wa New York walimokuwa wakikutana, Rotisserie.

Kutoka huko wazo lilivuka bahari. Mwanahabari wa Italia Riccardo Albini alipenda ule mchezo wa besiboli, akaugeuza kuwa wa mpira wa miguu. Mwaka wa 1990, mwaka ambao Italia iliandaa Kombe la Dunia, alitoa kitabu cha kanuni za mchezo aliouita Fantacalcio. Pointi zilitokana na alama ambazo magazeti ya michezo huwapa wachezaji baada ya mechi. Mwaka uliofuata, 1991, Andrew Wainstein alianzisha mchezo wa namna hiyo Uingereza. Katikati ya miaka ya 1990 magazeti makubwa ya huko yaliuchukua, na wafanyakazi wa ofisi wakaanza kutuma timu zao kwa posta na kwa simu.

Mwaka wa 1996 lilitokea jambo lililobadilisha kila kitu. Kampuni ya Opta, ya London, ilianza kukusanya takwimu za Ligi Kuu ya Uingereza mechi kwa mechi. Kazi ambayo Reep aliifanya peke yake kwa kreyo sasa ilifanywa na watu wanaolipwa, kila mmoja akitazama skrini na kubonyeza kila mguso wa mpira. Msimu wa 2002-03 Ligi Kuu yenyewe ilifungua mchezo wake wa fantasi kwenye intaneti. Mwanzoni ulikuwa na watu wasiofika 100,000. Leo wamepita milioni 10.

Kanuni zinavyomfundisha mtu kuhesabu

Kanuni za mchezo huo zinajulikana na vijana wengi. Kocha anapewa milioni 100 za kubuni anunue wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu wa klabu moja. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya bao ni 3. Beki au kipa ambaye timu yake haikufungwa anapata 4. Kapteni anahesabiwa mara mbili. Kila wiki kuna uhamisho mmoja wa bure. Ukiongeza mwingine ambao huna akiba yake, unakatwa pointi 4.

Hizo pointi 4 ndizo mwalimu mkali. Ni sawa na bao zima la mshambuliaji. Mtu anayemtoa mchezaji kwa hasira, kwa kuwa jana alikosa bao la wazi, anaanza wiki akiwa amefungwa bao moja. Kwa hiyo wanaoshinda wamejifunza kuuliza maswali manne kabla ya kubadilisha.

Swali la kwanza ni dakika. Mchezaji asiyecheza hana pointi. Tuchukue mfano wa kubuni: mshambuliaji mmoja ana mabao 8 katika dakika 2,700, mwingine ana mabao 6 katika dakika 1,200. Ukigawa kwa dakika 90, wa kwanza anafunga 0.27 kwa kila mechi kamili, wa pili 0.45. Mwenye mabao machache ndiye mwenye kasi kubwa. Lakini hesabu haiishii hapo. Inabidi kujua kwa nini wa pili amecheza kidogo. Kama alikuwa mgonjwa na sasa amepona, huyo ni wa kununua. Kama huwa anaingizwa dakika 20 za mwisho dhidi ya mabeki waliochoka, ile kasi haitabaki pale pale akianza mechi.

Swali la pili ni nafasi anazopata. Hapa ndipo ilipoingia takwimu ya mabao yanayotarajiwa, ambayo Opta iliitangaza mwaka wa 2012, na televisheni ya Uingereza ikaanza kuionyesha watazamaji wake msimu wa 2017-18. Wazo lake ni jepesi. Kila shuti linapewa uzito kulingana na mahali lilipopigwa na namna lilivyopigwa, kwa kulinganisha na maelfu ya mashuti ya zamani. Penalti ina uzito wa karibu 0.8, maana penalti karibu 8 kwa kila 10 zinaingia. Shuti la mbali linaweza kuwa na 0.03. Ukijumlisha mashuti yote ya mchezaji, unapata mabao ambayo mtu wa kawaida angefunga kwa nafasi hizo. Mwenye mabao 7 huku yanayotarajiwa ni 3, ama ni hodari sana, ama bahati imemtembelea na itaondoka. Mwenye mabao 2 huku yanayotarajiwa ni 6 anachekwa na mashabiki, bei yake inashuka, na ndiye ambaye wajuzi wanamtazama kwa jicho la kununua. Tangu msimu wa 2022-23 namba hizo zimewekwa ndani ya mchezo wenyewe, kila mtu anaziona.

Swali la tatu ni kazi anayopewa. Nani anapiga penalti? Nani anapiga kona? Kiungo mwenye penalti ana thamani kuliko kiungo mwenye jina. Na tangu msimu wa 2025-26 hata kazi chafu inalipwa: beki anayefikisha matendo 10 ya kuzuia katika mechi moja, kama kupokonya na kuondosha mipira, anapata pointi 2. Baada ya miaka mingi mabeki wa timu dhaifu wakahesabiwa nao.

Swali la nne ni mechi zijazo. Namba za mwezi uliopita zilipatikana dhidi ya nani? Na mwezi ujao atakutana na nani? Mtu anayemnunua mshambuliaji aliyefunga matatu dhidi ya timu ya mwisho, wakati wiki inayofuata anakwenda kwa bingwa, amenunua jana na si kesho.

Pale klabu zenyewe zilipofanya hivyo

Wakati mashabiki wakicheza, baadhi ya klabu zilianza kununua watu halisi kwa njia hiyo hiyo. Leicester City ilimchukua N'Golo Kanté kutoka Caen ya Ufaransa mwaka wa 2015. Alikuwa mfupi, hajulikani, lakini namba zake za kupokonya mipira zilikuwa kati ya zile za juu kabisa katika ligi ya Ufaransa. Miezi michache baadaye Leicester ilikuwa bingwa wa Uingereza. Liverpool ilimchukua Mohamed Salah kutoka Roma mwaka wa 2017, baada ya wanatakwimu wake wakiongozwa na Ian Graham kumpigania. Wengi walimkumbuka kama mchezaji aliyeshindwa Chelsea. Msimu wake wa kwanza alipata pointi 303 katika fantasi, rekodi ya wakati ule. Msimu wa 2024-25 aliivunja mwenyewe kwa pointi 344, akiwa na mabao 29 na pasi za bao 18.

Mfano unaowagusa Wakongomani zaidi ni Brentford, ile ile iliyomwita Reep mwaka wa 1951. Mwaka wa 2012 ilinunuliwa na Matthew Benham, mtu aliyesoma fizikia na kutajirika kwa hesabu za kamari. Alifanya klabu iwe mahali pa kununua wachezaji ambao namba zao ni bora kuliko bei yao. Mwaka wa 2021 Brentford ilipanda Ligi Kuu, baada ya kukosekana daraja la juu tangu 1947. Majira hayo hayo ilimleta Yoane Wissa kutoka Lorient ya Ufaransa.

Wissa, mchezaji wa Leopards, kwa misimu ya kwanza mara nyingi alikuwa nyuma ya wengine. Mwaka wa 2024 mshambuliaji mkuu Ivan Toney aliuzwa. Mashabiki waliotazama majina walisema Brentford imekwisha. Waliotazama nafasi ambazo Wissa alikuwa akizipata kwa dakika alizopewa walimweka katika timu zao. Msimu ule Wissa alifunga mabao 19 ya ligi, na mwenzake Bryan Mbeumo wa Cameroun, mpigaji penalti, alifunga 20. Septemba 2025 Wissa aliuzwa Newcastle kwa kiasi kilichotajwa kuwa karibu pauni milioni 55.

Hapa kuna neno la kuwaambia vijana wanaofanya pari. Benham hakutajirika kwa bahati wala kwa kupenda timu. Alikuwa na ofisi ya wataalamu wa hesabu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Kijana anayeweka franga za unga kwenye pari anashindana na watu wa namna hiyo, na bei wanampangia wao. Fantasi inafundisha hesabu zile zile bila kumla mtu kitu. Anayekosea anapoteza pointi, na nyumbani watoto wanakula.

Namba ya Ndaye Mulamba

Congo nayo ina namba yake kubwa katika historia ya mpira. Mwaka wa 1974, katika Kombe la Afrika lililochezwa Misri, Ndaye Mulamba alifunga mabao 9. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote manne ni yake. Hakuna mchezaji aliyefikisha 9 katika Kombe moja la Afrika, wala kabla yake wala baada yake.

Maisha ya mtu huyo yalikuwa magumu. Mwaka wa 1994 alialikwa Tunisia kuheshimiwa. Aliporudi nyumbani majambazi walidhani ameleta pesa, wakampiga risasi mguuni. Baadaye alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kama mkimbizi. Mwaka wa 1998, katika Kombe la Afrika la Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, kwa kuwa ilitangazwa kwamba amekufa. Alikuwa hai. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg.

Nyumba ilimpotea, nchi ilimpotea, hata habari za uhai wake zilipotoshwa. Zile 9 hazikupotea, kwa sababu kuna aliyeziandika. Lakini ni mabao tu yaliyobaki. Mashuti yake, mbio zake, mipira aliyowaandalia wenzake havikuandikwa kama vinavyoandikwa leo kwa mchezaji wa akiba wa timu ya chini ya Uingereza.

Familia zilizohama zinaelewa jambo hilo kuliko wasomi wa takwimu. Katika kambi, ambaye jina lake halimo kwenye orodha hapati kikombe cha unga, hata kama njaa yake inaonekana kwa macho. Katika mpira ni hivyo. Binti anayecheza vizuri kwenye uwanja wa mawe ya volkano, kijana aliyeacha klabu yake kijijini akaanza upya kwenye timu ya wahami, hana dakika, hana mabao, hana mwaka ulioandikwa. Anayetafuta wachezaji kwa namba hawezi kumwona, na siku hizi wengi wanatafuta kwa namba.

Kinachohitajika si kompyuta. Reep alianza na daftari. Timu ya kartiye inaweza kumpa mtoto mmoja anayejua kuandika kaye na stilo, asimame pembeni, aandike mambo matano: jina, dakika alizocheza, mashuti, mabao, pasi za bao. Aandike tarehe na jina la timu waliyocheza nayo. Asiongeze bao la rafiki, asipunguze la adui, maana kaye yenye uongo haina faida kuliko kaye tupu. Mwisho wa msimu kocha agawe mabao kwa dakika, aone ni nani aliyekuwa akichezeshwa kidogo kuliko haki yake. Nakala ya kurasa hizo ipigwe picha na kutumwa kwa watu wawili watatu, ili watu wakikimbia tena, kaye isibaki peke yake chini ya godoro.

Vijana wanaobishana leo juu ya nani aingie na nani atoke katika timu zao za simu wanajua tayari kazi hiyo. Wanajua dakika, wanajua nafasi, wanajua kugawanya. Jumapili mpira ukichezwa kwenye kartiye, hesabu hizo hizo zinasubiri mtu wa kuziandika.